Maisha ya Henry Ford, Mtu Aliyeshusha Bei ya Motokaa

Jina la Ford hapana asiyelijua, maana limeandikwa mbele ya motokaa na malori duniani kote. Lakini Henry Ford mwenyewe, aliyefariki mwaka 1947, wengi wetu hatumjui vizuri. Siku hizi motokaa za umeme zinashushwa bei mara kwa mara, na wanunuzi hawajui kama wanunue leo au wangoje kesho. Kwa hiyo yafaa tuyatazame maisha ya mtu huyu, kwani yeye aliuonyesha ulimwengu nguvu ya kushusha bei, na baadaye akaonyeshwa yeye mwisho wa nguvu hiyo.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, naye alitumaini kwamba mwanawe atakuwa mkulima kama yeye. Lakini kijana hakupenda jembe wala ng'ombe, alipenda vyuma. Alipopewa saa ya mfukoni aliifungua akaifunga tena, na baadaye akawa akitengeneza saa za majirani. Mwaka 1876 mama yake alifariki. Mwaka huohuo aliona njiani mtambo wa mvuke ukijiendesha wenyewe pasipo kuvutwa na farasi, na tangu siku ile moyo wake haukutulia tena.

Alipokuwa na miaka 16 alikwenda mji wa Detroit kujifunza kazi ya ufundi. Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant, na mwaka 1891 akapata kazi katika kampuni ya Edison iliyokuwa ikiwapa watu wa mji ule taa za umeme. Baada ya miaka miwili akawa mhandisi mkuu. Hebu fikiri: mchana alikuwa mtu wa umeme, na usiku, katika banda nyuma ya nyumba yake, alikuwa akiunda mashine ya petroli! Mwezi wa Juni, 1896, gari lake la kwanza likawa tayari, likiwa na magurudumu manne kama ya baisikeli. Ndipo ikaonekana kwamba mlango wa banda ni mwembamba na gari haliwezi kupita. Ford akashika shoka akavunja ukuta.

Miezi michache baadaye alikutana na Thomas Edison mwenyewe, bwana mkubwa wa umeme. Edison alimsikiliza akieleza habari za mashine yake, akamtia moyo asiiache. Urafiki wao ulidumu mpaka kifo cha Edison mwaka 1931.

Wakati ule hakuna aliyejua motokaa za kesho zitaendeshwa na nini. Zilikuwako za mvuke, za umeme na za petroli. Mwaka 1900 yapata theluthi moja ya motokaa zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za umeme, nazo zilizidi zile za petroli. Motokaa ya umeme haikupiga kelele, haikutoa moshi, wala haikutaka mtu wa kupiga hendeli kwa nguvu asubuhi. Ubaya wake ulikuwa katika betri, ambayo ilikuwa nzito, ya ghali, na yenye kuisha upesi. Wenye kuinunua walikuwa hasa watu wa mjini wenye mali.

Ford alianza kampuni mara mbili asifanikiwe. Mara ya tatu, mwezi wa Juni, 1903, akaanzisha Ford Motor Company. Baadhi ya wenzake walitaka kutengeneza motokaa kubwa za matajiri, kwa sababu faida ya kila moja ilikuwa kubwa. Ford aliona vingine. Matajiri ni wachache, na akisha kununua kila mmoja wao, biashara itasimama. Wakulima, walimu na mafundi ni wengi, ila fedha zao hazifiki. Basi haifai kungoja fedha zao zipande mpaka kwenye bei. Bei ndiyo ishuke mpaka kwao.

Tarehe 1 Oktoba, 1908, alitoa motokaa iliyoitwa Model T kwa dola 850. Ilikuwa ndefu ya miguu, nyepesi na imara, hata ikapita penye matope na mawe, na mkulima aliweza kuitengeneza mwenyewe. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 10,000. Ford hakutosheka. Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, alianza mpango mpya wa kazi. Badala ya mafundi kuizunguka motokaa iliyosimama, chasisi ilivutwa ikipita mbele yao, na kila fundi akakaa mahali pake akitia kitu kimoja tu. Kuunganisha chasisi moja kulikuwa kukichukua saa 12 na nusu; mwaka 1914 kukachukua dakika 93.

Kazi hii ilichosha sana, na watu wengi wakaiacha. Kwa hiyo mwezi wa Januari, 1914, Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, uliokuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa zamani. Maelfu wakajaa mlangoni katika baridi kali, hata wakarushiwa maji ili watawanyike. Ujira ule haukuwa wa bure, kwa sababu wakaguzi wa kampuni waliingia hata katika nyumba za wafanyakazi kutazama mwenendo wao. Lakini wengi waliopata fedha ile waliweza kufikiri kununua kitu walichokiunda kwa mikono yao.

Bei nayo ikaendelea kushuka. Mwezi wa Agosti, 1916, Model T ya watu wazima watano iliuzwa kwa dola 360, na kwa mwaka mmoja ziliuzwa zaidi ya 500,000. Kila bei iliposhuka ngazi moja, lilikutwa kundi jingine la watu lililokuwa likingoja kwenye ngazi ile. Na kila kundi lilipoingia, kiwanda kilitengeneza nyingi zaidi, gharama ya kila moja ikapungua, na bei ikaweza kushuka tena.

Lakini Ford aliijua pia hofu ya mnunuzi. Mtu akijua kwamba bei itashuka mwakani, kwa nini anunue sasa? Na aliyenunua jana, akiona jirani anapata kitu kilekile leo kwa fedha kidogo, hujiona ameibiwa ingawa hakuibiwa. Basi mwaka 1914 Ford alitoa ahadi. Kama katika miezi 12 ijayo zitauzwa motokaa zaidi ya 300,000, kila mnunuzi atarudishiwa sehemu ya fedha zake. Zikauzwa zaidi ya 308,000, naye akatimiza ahadi, kila mtu akapelekewa dola 50. Kwa njia hii asiyetaka kungoja hakuadhibiwa kwa haraka yake, na kila mnunuzi alikuwa na sababu ya kumvuta mwenziwe anunue.

Je, motokaa za umeme ziliendaje? Nyumbani kwa Ford mwenyewe ilikuwamo moja! Bibi Clara alikuwa akiendesha motokaa ya umeme iliyotengenezwa Detroit, ambayo bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya Model T. Mwaka 1914 ilitangazwa kwamba Ford na Edison watatengeneza motokaa ya umeme ya bei nafuu. Gari la majaribio likaundwa, lakini betri za Edison hazikuwa na nguvu za kutosha, na mpango ukaachwa. Tena, mwaka 1912, motokaa za Cadillac zilikuwa zimetiwa mtambo wa kuwasha mashine bila hendeli, uliobuniwa na Charles Kettering. Taabu kubwa ya petroli ikaondoka, ingawa Model T yenyewe ilikawia kuupata mtambo ule. Mnunuzi akiweka mizani, upande mmoja gari la umeme lisilofika mbali na la ghali, na upande mwingine gari la petroli lenye kufika popote na la rahisi, hakukawia kuchagua. Magari ya umeme yakapungua mpaka yakawa karibu kusahauliwa.

Sasa tutazame upande wa pili wa habari. Katika vita kuu ya kwanza gharama zilipanda, na kufika mwaka 1920 Model T ile ilikuwa imefika dola 575. Biashara ya nchi ikaanza kuanguka. Mwezi wa Septemba Ford akaishusha kwa pigo moja hadi dola 440, pungufu ya gharama ya kuitengeneza. Safari hii dawa haikuponya. Watu walikuwa hawana kazi, na wenye fedha, wakiona bei za vitu vyote zinaanguka, waliona heri wangoje. Kabla ya mwisho wa mwaka Ford alifunga kiwanda kwa muda. Kisha aliwapelekea mawakala wake motokaa ambazo hawakuziagiza, nao wakalazimika kulipa taslimu au kupoteza uwakala. Wengi walikwenda kukopa benki. Kampuni ikaokoka, lakini mzigo wake ulibebwa na wadogo.

Miaka iliyofuata biashara ilifufuka, na mwaka 1923 zilitengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka mmoja. Mwishoni mwa 1924 bei ilikuwa dola 290 tu. Juu ya hayo, wanunuzi wakaanza kumtoka. Waliokuwa hawana motokaa walikuwa wamekwisha kupata, na sasa walitaka ya pili iliyo bora kuliko ya kwanza. General Motors iliwapa Chevrolet zenye rangi mbalimbali, paa na milango ya kufunga, na nafasi ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwenye kutaka gari la rahisi kabisa aliweza kupata lililotumika, kwa bei ambayo hata Ford hakuweza kuifikia. Model T ilikuwa ileile, na kwa miaka mingi ilitolewa nyeusi tu.

Mwanawe wa pekee, Edsel, aliyekuwa mkuu wa kampuni kwa jina, alimwomba baba yake watengeneze motokaa mpya. Baba hakusikia. Mwaka 1926 mmoja wa wakubwa wa kampuni, Ernest Kanzler, alimwandikia akimweleza wazi hatari iliyokuwa mbele. Hakukaa muda mrefu akaondolewa kazini. Mzee alikuwa na jibu moja, kushusha bei, na jibu lile halikuwa tena jibu la swali waliloliuliza watu. Mwezi wa Mei, 1927, baada ya kutengeneza milioni 15, Model T ilikoma. Kiwanda kikasimama kwa miezi, maelfu wakakosa kazi, mpaka motokaa mpya, Model A, ilipotolewa Desemba.

Hatuwezi kuandika maisha yake tukaficha aibu yake. Gazeti lake lilitangaza chuki juu ya Wayahudi kwa miaka, hata akalazimika kuomba radhi mwaka 1927. Mwaka 1937 watu wa kampuni yake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mbele ya kiwanda, na hakukubali kufanya mapatano na chama kile mpaka 1941. Edsel alifariki mwaka 1943 akiwa na miaka 49. Henry Ford mwenyewe alifariki usiku wa tarehe 7 Aprili, 1947, akiwa na miaka 83. Usiku ule mto ulikuwa umefurika na umeme umekatika nyumbani kwake; basi yule fundi wa umeme wa zamani alikata roho kwenye mwanga wa mishumaa na taa za mafuta, kama ulivyokuwa mwanga wa nyumba aliyozaliwa.

Na sasa magari ya umeme yamerudi, yakiwa na betri bora, na habari ya bei imerudi pamoja nayo. Mwezi wa Januari, 1923 ikiwa imekwisha pita miaka 100, kampuni ya Tesla ilishusha bei zake katika nchi nyingi; ulikuwa mwaka 2023. Huko China watu waliokuwa wamenunua siku chache kabla walikwenda kwenye maduka yake kulalamika, wala hawakupata dola 50 za Ford. Mwaka ule Tesla ilipeleka kwa wanunuzi motokaa zaidi ya 1,800,000, kutoka 1,310,000 za mwaka uliotangulia. Lakini mwaka 2024, ingawa bei zilikuwa chini, idadi ilipungua kidogo, maana wengine nao walikuwa wameshusha bei, kama BYD ya China, na wanunuzi walikuwa na mengi ya kuchagua.

Hata katika miji ya kwetu, kama Kampala, Nairobi na Kigali, pikipiki za umeme zimekwisha kuonekana, na siku moja baadhi yetu tutakuwa wanunuzi au wauzaji. Maisha ya Ford yanatufundisha wote wawili. Muuzaji ajue kwamba bei ya chini inayotoka katika kazi iliyofanywa kwa akili huleta watu wapya, lakini ile inayotoka katika shida huwafundisha watu kungoja. Mnunuzi naye, kabla ya kujiuliza kama bei itashuka tena, ajiulize kama kitu kile kitamfaa leo katika kazi yake. Aliyeinunua Model T kwa dola 850 akapeleka mazao sokoni miaka minane, hakuwa mjinga kwa sababu baadaye ilifika dola 360. Na sote tujue kwamba wazo jema likishikwa kwa ukaidi, hata lile lililomjenga mtu, mwishowe humbomoa. Ford aliyevunja ukuta kwa shoka ili gari litoke, alipozeeka alijenga ukuta mwingine kuzuia gari jipya lisiingie.