Babake Obama na glasi iliyomshinda

Wiki jana nilikuwa Spring Valley, Nairobi, kwa binamu yangu. Mwanawe amepunguza ulevi: zamani kila siku, sasa Jumamosi pekee, kwa dawa na ushauri wa daktari. Baba mtu hamsemeshi. Ataka aache kabisa, leo hii. Nikamkumbuka Barack Obama. Si rais, babake.

Alizaliwa Nyanza miaka ya 1930, mwana wa Hussein Onyango, Mjaluo aliyesilimu. Akili zake zilimfikisha Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, mwanafunzi wa kwanza Mwafrika pale, kisha Harvard kusomea uchumi. Akarudi Kenya 1964. Mwaka uliofuata akaandika makala ya kuukosoa mpango wa uchumi wa serikali, wakati ambapo wachache walithubutu. Mwaka 1969 alisimama kizimbani kutoa ushahidi katika kesi ya mauaji ya rafiki yake Tom Mboya.

Lakini mkono mmoja ulishika kalamu, mwingine glasi. Kazi zikamponyoka, kwa siasa na kwa ulevi. Akaendesha gari amelewa, akapata ajali, akalazwa hospitali, akatoka, akarudia. Miaka ya 70 alipata tena kazi Wizara ya Fedha, ila chupa hakuiacha. Tarehe 24 Novemba 1982 ajali nyingine ya gari jijini Nairobi ikammaliza, hajafika miaka 50. Amezikwa Kogelo, Siaya.

Ndugu msomaji, kwetu Waislamu tone na pipa ni haramu sawa. Hukumu hiyo silegezi. Lakini katazo lenyewe lilishuka hatua kwa hatua: kwanza watu walielezwa madhara, kisha wakakatazwa kuswali wakiwa wamelewa, mwisho ikapigwa marufuku kabisa. Na mlevi wa kila siku akikata ghafla bila daktari, aweza kupata kifafa, hata kufa. Ndiyo maana matabibu wa leo huhesabu kupunguza kuwa ni tiba. Ulaya iliidhinisha dawa ya nalmefene kwa kazi hiyo mwaka 2013.

Safari ya yule kijana haijaisha. Ila siku sita kwa wiki hayumo barabarani amelewa, na siku moja kama hiyo ingetosha kumwokoa babake Obama.

Nilimwambia binamu: anza kwa kuitikia salamu yake.