Jeppesen: Rubani aliyechora njia ya kutua gizani

MARUBANI waliosafirisha barua nchini Marekani mnamo 1930 walitegemea ramani za barabara, zile zile zilizochapishwa kwa ajili ya wenye magari. Ziliwaonyesha miji na reli, lakini hazikuwaeleza kimo cha mlima uliofichwa na ukungu. Aliyepotea usiku juu ya milima ya Rocky aliteremka kwa kubahatisha, na si wote waliofika chini salama.

Katika kundi hilo alikuwemo Elrey Borge Jeppesen, kijana wa miaka 23, mwana wa wahamiaji kutoka Denmark. Alizaliwa Januari 28, 1907, mjini Lake Charles, Louisiana, akalelewa Oregon. Leseni yake ya urubani ilikuwa na sahihi ya Orville Wright mwenyewe. Kampuni ya Boeing Air Transport ilimpa njia ya Cheyenne hadi Salt Lake City, mojawapo ya zilizoogopwa zaidi.

Majira ya baridi yalipowadia, wenzake kadhaa waliangamia. Jeppesen hakuacha kazi. Alinunua daftari dogo jeusi kwa senti 10, akaandika urefu wa kila uwanja, mteremko wake, taa na vizuizi vyake, hata nambari za simu za wakulima ambao wangemweleza hali ya hewa ya kwao. Siku za mapumziko alikwea vilima, dohani na minara ya matangi ya maji akiwa na kipimo cha mwinuko, kwani hakutaka kuamini kimo asichokipima.

Lakini ustadi wake hasa ulikuwa katika kuchagua. Rubani aliyetingwa na dhoruba hana nafasi ya kusoma mengi, hivyo Jeppesen aliacha yale tu yanayomfikisha chini. Uwanja aliuchora kutoka juu, kisha mteremko wa ndege akauchora kwa ubavuni. Redio zilipoanza kuongoza ndege, aliongeza hatua za kushuka mawinguni: wapi pa kugeuka, na kimo ambacho ni hatari kupita chini yake.

Wenzake waliomba nakala, naye akawagawia. Mnamo 1934 alianza kuziuza kwa dola 10, akifanyia kazi katika chumba cha chini ya nyumba huko Salt Lake City. Hakuna sababu ya kumlaumu: ramani iliyopitwa na wakati huua, na marekebisho yana gharama. Kurasa zake ziliweza kuchomolewa na kubadilishwa.

Mwaka wa 1936 alimwoa Nadine Liscomb, mhudumu wa ndege, ambaye alisaidia kuikuza biashara hiyo. Walihamia Denver mnamo 1941, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la majini la Marekani lilitumia ramani zake. Aliacha urubani mnamo 1954 na kuiuza kampuni mnamo 1961.

Jeppesen alifariki Novemba 26, 1996, akiwa na umri wa miaka 89. Jengo la abiria la uwanja wa Denver, uliofunguliwa mnamo 1995, lina jina lake. Siku hizi ramani hizo huonekana kwenye skrini mbele ya rubani, alama ya ndege ikisogea juu yake, na ule mchoro wa ubavuni bado upo.