Saa za Karani Shaaban Robert

Huku kwetu Ufukoni, kutoka Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, jina la marehemu Shaaban Robert hutajwa sana mashuleni na katika sherehe. Wayao wa mto huu wana sababu zaidi ya kujivunia, kwani nasaba yake ilitokana nao, ingawa alizaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari, 1909, na mwenyewe alijihesabu Mswahili. Lakini ni wachache wanaouliza: mtu huyu aliandika saa ngapi?

Aliandika saa alizobakishiwa na ofisi. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko. Akahamishiwa Mpwapwa, kisha mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Maofisa wetu wasomao safu hii wanajua jinsi daftari la serikali linavyochosha mkono, na jinsi uhamisho unavyotawanya makaratasi ya mtu.

Si watunzi wote walioishi hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliyatoa mashairi yake mdomoni, na watu wakayahifadhi vichwani muda mrefu kabla hayajakusanywa. Shaaban Robert alitegemea karatasi. Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa alizifuata habari zake, akazitia katika utenzi wa beti 3,000 hivi. Kwa maoni yetu, kazi ya namna hiyo haikamilishwi na mtu anayengojea moyo umchangamke. Hukamilishwa kwa beti chache za leo na chache za kesho, mwandishi akiwa amechoka au hakuchoka. Alipofiwa na mkewe Amina, akaachiwa watoto, msiba nao ukawa shairi. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilitosha kuwa kitabu kizima.

Na kuandika kulikuwa nusu tu ya taabu. Pambo la Lugha kilichapwa mbali, Johannesburg, mwaka 1947. Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, hakikupata mchapaji maisha yake yote. Tunaona hilo lilikuwa zito kuliko uchache wa saa, kwa sababu saa mtu huweza kuziiba usingizini, lakini mtambo wa kuchapia hauibiki. Hata hivyo hakuiweka kalamu chini.

Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru. Kufikirika kilitoka 1967, pamoja na utenzi ule wa vita. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata 1968. Wasomaji wa vitabu hivyo walivipokea mwandishi akiwa amekwisha kuzikwa.