Andrei Sakharov: Mwanafizikia na Gharama ya Elimu

Jua linalochomoza kila asubuhi mbele ya fuo za Diani na kuuangaza mji wa Ukunda hadi vilima vya Shimba hupata nguvu zake kutokana na kuungana kwa viini vya atomu za haidrojeni. Viini hivyo vikibanwa pamoja katika joto kali mno huungana na kuwa viini vya heliamu, na sehemu ndogo ya maada yake hugeuka kuwa nishati. Aina ya haidrojeni iliyo rahisi zaidi kuungana, yaani haidrojeni nzito, imo katika maji ya bahari yote, ikiwa ni takriban atomu 1 katika kila atomu 6,500 za haidrojeni. Tangu katikati ya karne ya 20, wanafizikia wamekuwa wakitafuta njia ya kuifanya kazi hiyo ya jua hapa duniani bila kuangamiza. Miongoni mwa waliotangulia kuionyesha njia ni Andrei Dmitrievich Sakharov wa Muungano wa Kisovieti. Makala haya yanasimulia maisha yake, yakishikilia kwamba somo lake kubwa kwa msomi ni ule ujasiri wa kuhesabu gharama ya elimu yake kwa watu asiowaona.

Sakharov alizaliwa mjini Moscow tarehe 21 Mei 1921. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na mtunzi wa vitabu vya somo hilo, na katika miaka ya mwanzo mtoto alisomeshwa nyumbani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1938. Vita vilipoikumba nchi yake mwaka 1941, wanafunzi walihamishiwa Ashgabat, Turkmenistan, naye akahitimu huko mwaka 1942. Alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha silaha mjini Ulyanovsk, ambako alibuni kifaa cha kukagua ubora wa risasi. Huko ndiko alikomwoa Klavdia Vikhireva mwaka 1943. Mwaka 1945 alirejea Moscow kuendelea na masomo ya juu katika Taasisi ya Fizikia ya Lebedev, chini ya mwalimu wake Igor Tamm.

Mwaka 1948 Tamm alitakiwa na serikali kuunda kikundi cha kuchunguza uwezekano wa bomu la haidrojeni, na Sakharov akatiwa humo. Mwaka 1950 alihamia mji wa siri wa Sarov, ambao haukuonyeshwa katika ramani. Wakati huo aliamini kwamba amani ya dunia ingelindwa iwapo Marekani haingekuwa peke yake na silaha ya aina hiyo.

Katika mwaka huohuo, aliletewa barua aitathmini. Mwandishi wake, Oleg Lavrentiev, alikuwa askari kijana katika kisiwa cha Sakhalin aliyependekeza namna ya kuzuia haidrojeni yenye joto kali kwa nguvu za umeme ili itoe nishati ya matumizi ya amani. Sakharov aliona kwamba njia yenyewe ingekuwa na matatizo, lakini hakumdharau askari yule. Badala yake, wazo hilo lilimchochea kufikiri. Kwa kuwa hakuna chombo kinachoweza kugusana na gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi bila gesi hiyo kupoa au chombo kuharibika, yeye na Tamm walipendekeza kuizungushia uga wa sumaku ndani ya chombo chenye umbo la pete nene. Kutokana na pendekezo hilo, wataalamu wa Taasisi ya Kurchatov waliunda mitambo iliyokuja kuitwa tokamaki.

Hata hivyo, bomu ndilo lililotangulia. Tarehe 12 Agosti 1953 bomu lililojengwa kwa wazo la Sakharov lilijaribiwa Semipalatinsk, Kazakhstan. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi, akiwa na umri wa miaka 32, na baadaye alitunukiwa nishani ya Shujaa wa Kazi ya Ujamaa mara 3. Lakini furaha hiyo ilitiwa doa. Katika jaribio la Novemba 1955 mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 2 na askari mmoja walipoteza maisha, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Kuanzia hapo aligeuza hisabati yake upande wa pili. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1958 alikadiria kwamba kila megatoni 1 ya milipuko ya angani ingedhuru watu wapatao 10,000 katika vizazi vijavyo, kutokana na mionzi inayosambaa duniani kote. Hesabu hiyo haikumbagua mtu wa Urusi na mvuvi wa Msambweni, kwa maana upepo haujui mipaka. Mwaka 1961 alimpinga Nikita Khrushchev waziwazi kuhusu kurejewa kwa majaribio, naye akakemewa. Aidha, aliunga mkono mkataba uliotiwa saini Moscow mwaka 1963, uliopiga marufuku majaribio ya angani, baharini na anga za juu.

Mwaka 1968 insha yake kuhusu maendeleo, amani na uhuru wa fikra ilichapishwa nje ya nchi, na papo hapo akaondolewa katika kazi za siri. Mkewe alifariki mwaka 1969. Akiba yake kubwa aliitoa kwa ajili ya hospitali ya saratani na Msalaba Mwekundu. Mwaka 1972 alimwoa Elena Bonner, mwenzake katika utetezi wa haki za binadamu. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1975 alinyimwa ruhusa ya kusafiri, na mkewe akaipokea Oslo kwa niaba yake. Januari 1980, baada ya kulaani uvamizi wa Afghanistan, alikamatwa na kuhamishiwa mji wa Gorky, alikoishi chini ya ulinzi na kugoma kula mara kadhaa. Mikhail Gorbachev alimruhusu kurudi Desemba 1986. Alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1989, akafariki tarehe 14 Desemba mwaka huohuo.

Tokamaki zimeenea katika nchi nyingi, na kubwa kuliko zote, ITER, inajengwa kusini mwa Ufaransa kwa ushirikiano wa mataifa mengi. Bado hakuna hata moja inayouza umeme.

Kwetu pwani, masuala haya hayako mbali. Kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kina madini adimu pamoja na thoriamu itoayo mionzi ya asili. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa mtambo wa nyuklia, ambao hupasua viini badala ya kuviunganisha. Iwe mradi ni mwema au la, mwananchi anastahili kuelezwa faida na hasara zake kwa lugha anayoielewa. Kazi hiyo inamngoja mwanasayansi mwenye ukweli wa Sakharov, na vilevile inamngoja mwanafunzi wa Kiswahili, kwani hesabu isiyoweza kuelezwa kwa mzee wa Ukunda haijakamilika.