Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanahisabati na mwanasayansi wa kompyuta mzaliwa wa Uingereza. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia nchini Marekani katika kampuni ya IBM. Anajulikana hasa kwa kubuni modeli ya kihusiano, yaani njia ya kupanga data katika majedwali, ambayo ni msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika katika mabenki, hospitali, shule na ofisi za serikali. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika taaluma ya kompyuta.

Wanafunzi wengi hukutana na jina lake wanapofundishwa habari za majedwali na funguo. Sehemu ya mafundisho yake isiyotajwa sana ni ile ya aina za data. Codd alitaka kila safuwima ya jedwali ichukue thamani zake kutoka seti moja ambayo maana yake inajulikana na mfumo wenyewe. Jambo hilo alilieleza katika makala yake ya mwaka 1970 na akalirudia kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990. Hata hivyo, watengenezaji wa programu waliochukua majedwali yake kwa furaha hawakulijali sana.

Maisha ya awali

Codd alizaliwa Fortuneswell, katika kisiwa cha Portland, wilaya ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bidhaa za ngozi na mama yake alikuwa mwalimu. Alisoma sekondari mjini Poole, kisha akaingia Exeter College katika Chuo Kikuu cha Oxford kusomea hisabati na kemia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliacha masomo akawa rubani katika jeshi la anga la Uingereza. Baada ya vita alirudi Oxford kumalizia shahada yake, na mwaka 1948 akahamia New York. Huko alifanya kazi kwa muda mfupi ya kuuza nguo katika duka kubwa la Macy's kabla ya kuajiriwa na IBM kama mtungaji wa programu. Kompyuta aliyoanza nayo iliitwa SSEC, mashine iliyojaza chumba kizima.

Mwaka 1953 aliondoka Marekani akaenda Ottawa, Kanada. Inaelezwa kuwa alichukizwa na hali ya siasa ya wakati ule, Seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti. Alirudi IBM mwaka 1957. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1965. Tasnifu yake ilihusu mifumo ya kihisabati inayoweza kujinakili yenyewe. John von Neumann alikuwa ameonyesha mfumo wa namna hiyo ambao kila chembe yake ina hali 29, na Codd akaonyesha kuwa hali 8 zinatosha. Hata hapo ilionekana tabia yake ya kutafuta umbo lililo rahisi zaidi lenye uwezo uleule.

Hali ya hifadhidata kabla ya 1970

Miaka ya 1960 Codd alihamia maabara ya utafiti ya IBM huko San Jose, jimbo la California. Wakati huo data nyingi zilihifadhiwa katika mifumo iliyofanana na mti au wavu. Mfumo mashuhuri wa IBM uliitwa IMS, ambao asili yake ni mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Humo kila rekodi ilining'inia chini ya rekodi nyingine, na mtungaji wa programu alilazimika kuijua njia ya kuifikia, hatua kwa hatua.

Mpangilio wa data ukibadilishwa, programu zilizoandikwa kwa kufuata njia ya zamani ziliharibika. Kwa kampuni yenye mamia ya programu hiyo ilikuwa gharama kubwa. Pia mtu asiye mtaalamu hakuweza kuuliza swali jipya bila kumwomba mtungaji wa programu amwandikie programu nyingine.

Makala ya 1970

Codd alitoa wazo lake kwanza ndani ya IBM mwaka 1969. Mwezi Juni 1970 alichapisha makala kuhusu modeli ya kihusiano kwa hazina kubwa za data zinazotumiwa na watu wengi, katika jarida la chama cha wanakompyuta cha ACM. Ni makala ya kurasa kumi na moja tu.

Neno uhusiano limewapotosha wengi, hata baadhi ya waandishi wa vitabu vya kiada. Hudhaniwa kuwa modeli inaitwa ya kihusiano kwa sababu majedwali yanahusiana yenyewe kwa yenyewe. Sivyo. Katika hisabati, uhusiano ni mkusanyiko wa orodha fupi za thamani, ambapo thamani ya kwanza ya kila orodha hutoka katika seti ya kwanza, ya pili katika seti ya pili, na kuendelea. Jedwali moja peke yake tayari ni uhusiano. Kila safumlalo ni orodha mojawapo, na kila safuwima inachota kutoka katika seti yake. Seti hiyo Codd aliiita kikoa. Kwa hiyo huwezi hata kusema uhusiano ni nini bila kutaja vikoa kwanza, na ndiyo maana aina za data si nyongeza katika nadharia hii.

Mmoja wa mifano ya makala hiyo unahusu vipuri. Jedwali lina safuwima tatu: kipuri, kipuri kingine kinachoundwa kwa kutumia kile cha kwanza, na idadi inayohitajika. Safuwima mbili za kwanza zina kikoa kimoja, kwa kuwa zote ni vipuri, lakini kazi zake katika jedwali ni tofauti. Codd alipendekeza kila moja ipewe jina la kazi yake ili zisichanganywe. Hivyo alitenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya mpaka leo: jina la safuwima na aina ya vitu vilivyomo.

Makala hiyo ilidai pia kuwa thamani katika kila kisanduku iwe moja isiyogawanyika. Codd alichukua mfano wa mfanyakazi mwenye historia ya kazi, historia ya mishahara na watoto. Badala ya kuyarundika hayo yote ndani ya rekodi ya mfanyakazi, kila moja hupewa jedwali lake, na namba ya mfanyakazi inarudiwa humo ili kuunganisha. Kanuni hiyo ndiyo umbo la kawaida la kwanza. Umbo la pili na la tatu aliyaeleza katika miaka michache iliyofuata.

Aina za data na vikoa

Aina ya data huiambia kompyuta mambo matatu: thamani zipi zinaruhusiwa, vitendo gani vinaweza kufanywa juu yake, na zipangwe kwa utaratibu gani. Aina za msingi zinafahamika: namba kamili, namba za desimali, maandishi, tarehe, na kweli au si kweli.

Uchaguzi wa aina unaweza kuonekana mdogo lakini una matokeo. Namba ya simu inayoanza na sifuri ikihifadhiwa kama namba kamili, sifuri hiyo inapotea na simu haipigiki. Alama za mtihani zikihifadhiwa kama maandishi na kupangwa kuanzia ndogo, 10 itatangulia 9, kwa sababu kompyuta inalinganisha herufi ya kwanza na ya kwanza. Fedha zikihifadhiwa katika namba za desimali za makadirio, thamani kama 0.1 haiwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo wa jozi, na hitilafu ndogo hujikusanya katika hesabu ndefu. Ndiyo maana hesabu za fedha hutumia aina ya desimali kamili.

Codd aliyakubali hayo yote lakini aliona hayatoshi. Umri wa mwanafunzi ni namba kamili, na idadi ya vitabu alivyoazima ni namba kamili. Mashine inayojua aina za msingi peke yake itakubali kuunganisha majedwali mawili kila mahali umri wa huyu unapolingana na vitabu vya yule. Itatoa jibu, na jibu hilo litakuwa limepangwa vizuri kama majibu mengine, bila alama yoyote ya kosa. Hatari ipo hapo: upuuzi unapita ukiwa umevaa sura ya matokeo sahihi. Kwa Codd, umri na idadi ya vitabu ni vikoa viwili, na mfumo ulipaswa kukataa kuvilinganisha mpaka mtumiaji aseme waziwazi kuwa ndicho anachotaka.

Katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya toleo la pili la modeli, chenye vipengele 333, aliviita vikoa aina za data zilizopanuliwa ili kuvitofautisha na aina za msingi. Kikoa kilitakiwa kutangazwa mara moja, mahali pamoja, pamoja na masharti yake, kisha kila safuwima inayokihitaji ikitaje. Sharti likibadilika, linabadilishwa pale tu.

Thamani isiyokuwepo

Suala la pili lililomsumbua ni kisanduku ambacho hakina kitu. Codd alitaka kuwe na alama maalumu ya kukosekana kwa taarifa, inayofanya kazi kwa namna moja katika aina zote za data, na isiyofanana na sifuri wala na maandishi matupu. Tofauti yake inaonekana darasani. Wanafunzi wawili wamepata alama 80 na 60, na wa tatu hakufanya mtihani. Wastani wa waliofanya ni 70. Yule wa tatu akiandikiwa sifuri, wastani unashuka hadi karibu 47, na darasa linaonekana limefeli kwa sababu ya mtoto mgonjwa.

Baadaye aliona hata alama moja haitoshi. Alitofautisha taarifa ambayo ipo lakini haijulikani, kama tarehe ya kuzaliwa ambayo haijaandikwa, na ile isiyomhusu mtu kabisa, kama jina la mwenzi wa ndoa kwa asiyeoa. Chris Date, rafiki na mshirika wake wa miaka mingi, alipinga wazo zima la alama hizo akisema linavuruga mantiki ya maswali. Hoja hiyo hawakupatana, ingawa urafiki wao uliendelea.

Modeli kuingia sokoni

IBM haikuharakisha, kwa kuwa IMS ilikuwa ikiiletea mapato mazuri. Codd alizungumza na wateja moja kwa moja kuhusu faida za modeli yake, nao wakaanza kuidai. Katika miaka ya 1970 IBM ilianzisha mradi wa System R huko San Jose. Wakati huohuo Michael Stonebraker na Eugene Wong walijenga mfumo wa Ingres katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Lugha ya System R, iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ndiyo iliyokuja kuitwa SQL. Kampuni ambayo baadaye iliitwa Oracle iliuza mfumo wake wa SQL mwaka 1979, kabla ya IBM yenyewe, ambayo ilitoa SQL/DS mwaka 1981 na DB2 mwaka 1983.

Codd mwenyewe alikuwa amependekeza lugha nyingine, Alpha, na hakuridhika na SQL. Alilalamika kuwa inaruhusu safumlalo zinazojirudia, jambo lisilowezekana katika seti, na kwamba inashughulikia vibaya taarifa zinazokosekana. Mwaka 1985, kampuni nyingi zilipokuwa zikijitangaza kuwa bidhaa zao ni za kihusiano, alichapisha kanuni zake 12 katika gazeti la Computerworld ili wanunuzi wapate kipimo. Kwa kweli kanuni ni 13, kwa kuwa zinaanza na sifuri.

Vikoa vilipata nafasi katika kiwango cha SQL cha mwaka 1992, lakini vikiwa vimepunguzwa nguvu. Kikoa cha SQL ni aina ya msingi iliyopewa jina na masharti. Hakizuii kulinganisha safuwima za vikoa viwili tofauti iwapo vyote ni namba. Kiwango cha mwaka 1999 kiliongeza aina zinazoweza kutofautishwa kwa jina, jambo lililo karibu zaidi na alilolitaka. Baadhi ya programu kubwa hazikutekeleza kimojawapo kwa muda mrefu, na watungaji wengi wa majedwali waliendelea kuandika namba kamili au maandishi na kuacha maana ikae vichwani mwao.

Miaka ya mwisho

Codd alistaafu IBM mwaka 1984. Pamoja na Date alianzisha kampuni ya ushauri, na mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioandika waraka ulioeneza jina la OLAP, yaani uchambuzi wa data kwa vipimo vingi. Waraka huo ulilipiwa na kampuni iliyokuwa ikiuza bidhaa ya aina hiyo, na kwa hiyo ulilaumiwa.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Williams Island, jimbo la Florida, tarehe 18 Aprili 2003, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka 2004 tuzo ya uvumbuzi inayotolewa na kundi la ACM linaloshughulikia usimamizi wa data, SIGMOD, ilipewa jina lake.