Daniel Shays: Kapteni mkulima aliyefunga mahakama za madeni

Vita vya uhuru wa Marekani vilipomalizika mwaka 1783, maelfu ya wakulima waliokuwa wamevaa sare walikuwa wamerudi mashambani wakiwa na karatasi mifukoni badala ya fedha. Serikali ilikuwa inadaiwa nao mishahara ya vitani, na wao walikuwa wanadaiwa na wenye maduka. Kati ya hao alikuwemo Daniel Shays, kapteni mstaafu aliyekuwa na shamba huko Pelham, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Massachusetts.

Shays alizaliwa Hopkinton katika jimbo hilo hilo mwishoni mwa miaka ya 1740. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, watu wa kipato cha chini, naye ujanani alifanya kibarua katika mashamba ya wengine. Mwaka 1772 alioa, na baadaye akahamia Pelham kuanza maisha yake.

Vita vilipoanza mwaka 1775 alijiunga mara moja. Alipigana Bunker Hill Juni mwaka huo, akapanda cheo, na mwaka 1777 alipewa ukapteni. Alikuwemo pia Saratoga, ambako jeshi zima la Waingereza lilisalimu amri.

Tatizo lilikuwa mshahara. Bunge la nchi hiyo changa liliendesha vita kwa kuchapisha noti, na kadiri zilivyochapishwa ndivyo zilivyopoteza thamani. Machi 1780 lilikiri lenyewe kwamba dola 40 za karatasi zingehesabiwa sawa na dola 1 ya fedha. Mwaka huo Shays, ambaye alikuwa amezawadiwa upanga na jenerali wa Kifaransa, Lafayette, aliuuza zawadi hiyo kwa dola chache. Maofisa wenzake walimsema sana. Ni rahisi kumlaumu, lakini upanga haulimi wala hauliwi, na mwingine alikuwa nao tayari. Kabla mwaka haujaisha aliacha jeshi akarudi shambani, ambako watu wa Pelham walimwamini na kumchagua katika kamati za mji wao.

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kuangalia biashara ya wakati ule ilivyokwenda. Mkulima wa milimani alichukua chumvi, vyuma na nguo dukani kwa mali kauli, akalipa baada ya mavuno kwa nafaka, ng'ombe, mbao au hata kwa siku za kazi. Sarafu hakuziona mara kwa mara, na hakuzihitaji. Mwenye duka naye alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa wafanyabiashara wa Boston, nao wakakopeshwa na makampuni ya London.

Baada ya vita Waingereza waliyafunga masoko ya visiwa vyao vya Karibiani kwa meli za Marekani, na wakati huo huo wadai wa London wakataka walipwe kwa dhahabu na fedha tu. Boston ikambana mwenye duka, mwenye duka akambana mkulima. Aliyekuwa na zizi lililojaa na ghala lenye nafaka akajikuta hawezi kulipa deni dogo, kwa kuwa hicho alichonacho hakikupokelewa tena. Mali yake ilipopigwa mnada hakukuwa na mwenye sarafu wa kuinunua, hivyo ng'ombe aliondoka kwa bei ya kutupa na deni likabaki pale pale. Wasio na cha kukamatwa walifungwa jela. Shays mwenyewe alishitakiwa kwa madeni.

Hapo hapo ikaja kodi. Jimbo liliamua kulipa madeni ya vita kwa thamani kamili iliyoandikwa kwenye hati. Lingekuwa jambo jema kama hati hizo zingekuwa bado mikononi mwa askari. Lakini wengi wao walikwishaziuza kwa shida kwa walanguzi wa mjini, kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Kwa hiyo askari mkulima alitozwa kodi, sehemu kubwa ikiwa kodi ya kichwa isiyojali tajiri wala maskini, ili alipwe mlanguzi aliyenunua jasho lake kwa bei ya chini.

Wakulima hawakuanza kwa bunduki. Walikutana, wakaandika maombi: kodi ipunguzwe, noti zichapishwe au deni lipokelewe kwa mazao, na gharama za mahakama zipungue. Bunge la jimbo lilifunga kikao chake bila kuwapa nafuu ya maana.

Agosti 29, 1786 umati wa watu wapatao 1,500 ulizuia mahakama ya Northampton kuketi. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mahakama isipoketi hakuna hukumu, na bila hukumu dalali hana ruhusa ya kugusa ng'ombe wa mtu. Mwezi uliofuata Shays aliongoza mamia kwenda Springfield kufanya vivyo hivyo. Alizungumza na Jenerali William Shepard, kamanda wa askari wa jimbo, na siku hiyo damu haikumwagika.

Gavana James Bowdoin alitaka kutumia nguvu, lakini hazina haikuwa na kitu. Wafanyabiashara wa Boston walichanga zaidi ya pauni 6,000, likaundwa jeshi la watu kama 3,000 chini ya Jenerali Benjamin Lincoln. Shays aliona ni lazima apate silaha kabla jeshi hilo halijafika, akapanga kuliteka ghala la Springfield kwa kushirikiana na kundi la Luke Day. Day hakuwa tayari, akatuma barua kuomba siku 1 zaidi. Barua ilinaswa na watu wa Shepard.

Januari 25, 1787 Shays alisonga mbele kwenye theluji nzito bila kujua kwamba Day haji. Mizinga ikafyatuliwa. Watu 4 walikufa na kama 20 walijeruhiwa, waliobaki wakatawanyika. Asubuhi ya Februari 4 Lincoln, baada ya kutembea usiku kucha kwenye dhoruba, aliwavamia Petersham, na Shays akakimbilia Vermont.

Alihukumiwa kifo akiwa hayupo. Watu 2 walinyongwa, na wengi waliosalimu amri walinyimwa kwa muda haki ya kupiga kura, ya kufundisha shule na hata ya kuuza pombe. Hata hivyo uchaguzi wa mwaka huo ulimwangusha Bowdoin, na bunge jipya chini ya John Hancock lilipunguza kodi na kusogeza mbele ulipaji wa madeni. Kwa hiyo kusema Shays alishindwa ni kusema nusu tu ya habari.

Nusu nyingine ni chungu. Ghasia hizo ziliwatia hofu viongozi waliokutana Philadelphia Mei 1787 kuandika katiba, na katiba hiyo ilizikataza serikali za majimbo kuchapisha noti au kudhoofisha mikataba, yaani karibu yote waliyoyaomba wakulima. Mwaka 1790 serikali kuu ilichukua madeni ya vita ya majimbo. Mzigo wa kodi Massachusetts ukapungua, lakini waliolipwa ni walioshika hati.

Shays alisamehewa mwaka 1788. Shamba la Pelham lilikuwa limekwenda, naye akahamia jimbo la New York na kuishia Sparta, akilima kwa hali ya chini. Mwaka 1818, akiwa na miaka zaidi ya 70, hatimaye alipewa pensheni ya askari wa vita vya uhuru.

Juni 17, 1825 Lafayette, akiwa ziarani Marekani, alihudhuria uwekaji wa jiwe la msingi la mnara wa Bunker Hill, mbele ya maveterani wa vita ile. Shays alifariki Sparta Septemba 29 mwaka huo huo.