Carey Francis: Bingwa wa hisabati aliyehitimisha kazi yake Pumwani

EDWARD Carey Francis alipoacha wadhifa wa mwalimu mkuu wa Shule ya Upili ya Alliance mwaka wa 1962, alikuwa akikaribia umri wa miaka 65. Angeweza kurejea kwao Uingereza akapumzike. Badala yake alielekea Eastlands, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika Shule ya Upili ya Pumwani.

Francis alizaliwa London mwaka wa 1897. Baada ya kupigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafuzu kwa alama za juu na kufanywa mhadhiri huko. Mwaka wa 1928 aliyapa kisogo hayo yote, akaja Kenya kama mmishenari wa Kianglikana kuongoza Shule ya Maseno. Alihamia Alliance mwaka wa 1940.

Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Jaramogi Oginga Odinga huko Maseno na mwandishi Ngugi wa Thiong'o huko Alliance. Si wote waliomsifu. Alikuwa mkali wa nidhamu, na siasa za ukombozi hazikumvutia. Aliipinga Mau Mau, ingawa pia aliulalamikia ukatili wa askari wa serikali ya kikoloni.

Katika hisabati hakuna aliyemtilia shaka. Vitabu vyake vya hesabu vilitumiwa katika shule nyingi za msingi nchini.

Mwaka huo huo wa 1962 alipoingia Pumwani, wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, kuandaa vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika. Vitabu hivyo viliingiza somo la seti, yaani mikusanyo ya vitu vyenye sifa moja.

Jiometri ya zamani ilimfunza mwanafunzi kuzipanga pembetatu kwa pande na kwa pembe zake. Seti zilionyesha uhusiano wa makundi hayo. Pembetatu yenye pande tatu sawa imo pia katika seti ya zenye pande mbili sawa. Yenye pembe mraba na pande mbili sawa hukaa mahali seti mbili zinapokutana. Lakini seti ya zenye pembe mraba na ile ya zenye pande tatu sawa hazikutani kamwe: makutano yao ni matupu.

Kwa mizani ya enzi zake, mhadhiri wa Cambridge na mtoto wa Majengo walikuwa seti mbili za namna hiyo. Ubao wa darasa la Pumwani ndio uliowakutanisha.

Francis alifariki Julai 1966, akiwa bado mwalimu wa shule hiyo. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Aliacha wanafunzi, na wengi wao wakati huo walikuwa wakiiongoza Kenya huru.